Pesa ya Kushikilia Injini: Usiitume Kabla Injini Haijaguswa na Maji

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba akina mama wa Keroka wana injini ya boti, atacheka. Boti gani huko milimani, kwenye ndizi na majani chai? Lakini wewe unayeuza samaki Daraja Mbili pale Kisii, au unayepanga mikebe ya omena Nyamira mjini, huhitaji kuelezwa. Mzigo wako unatoka Kendu Bay, Homa Bay au Mbita, na boti yenye injini ndiyo inayofika ufuoni kwanza. Mara nyingi mvuvi hana pesa ya injini. Wewe umepokea bonasi ya chai. Basi mnakubaliana: boti yake, injini yenu, na asubuhi nyinyi ndio wa kwanza kupimiwa omena.

Chama kimoja cha wanawake kumi na mmoja kiliingia mapatano ya namna hiyo. Mweka hazina wao ametusimulia, ila ameomba tusitaje jina. Walikuwa wameona tangazo kwenye grupu ya WhatsApp: injini ya nguvu farasi 40, ya mitumba, “imechongwa, inaruka juu ya maji”. Muuzaji alitaka shilingi 60,000 za kuishikilia. Mama akaingiza namba kwenye simu, na jina lililotokea halikuwa la muuzaji. Akapiga kuuliza.

“Hiyo ni laini ya shemeji yangu. Tuma tu mama, kuna mtu mwingine anaitaka leo leo.”

“Sawa mwanangu,” akamjibu, “mwambie shemeji yako alete injini ziwani tuione.” Kisha akafuta muamala.

Tungeweza kuishia hapo, kwa sababu jina lisilolingana linatosha kukusimamisha. Lakini kilichofuata kina funzo kubwa zaidi kwa mfuko wako, maana muuzaji kweli alileta injini. Ilikuwepo. Haikuwa ya utapeli wa moja kwa moja. Ilikuwa tu injini isiyofaa ile boti, na pesa ingepotea vilevile.

Akina mama walifika ufuoni na fundi waliyempata kupitia kamati ya ufuo, ile tunayoiita BMU. Kitu cha kwanza fundi alichofanya ni kuacha injini na kwenda kuangalia boti. Ilikuwa ya mbao, urefu kama mita 8, tumbo la mviringo, ya kubeba mzigo. Boti ya namna hiyo hupasua maji, haipandi juu yake. Kwa urefu huo, mwendo wake unafika karibu kilomita 12 kwa saa na hapo mawimbi yake yenyewe yanaizuia. Ukiongeza nguvu, pua inainuka, nyuma inazama, petroli inaisha. Boti zinazoruka ni zile nyepesi zenye sehemu bapa chini kuelekea nyuma. “Mama, hii boti inatosheka na 15,” fundi akasema. “Arobaini ni ya kushindana, si ya omena.”

Hesabu ya mafuta ndiyo iliwaamsha. Injini ya 40 ya stroki mbili ikifunguliwa yote inaweza kula lita 15 za petroli kwa saa, hata zaidi. Ya 15 inakula nusu ya hiyo au chini yake. Na kila lita 20 za petroli kwenye injini nyingi za stroki mbili huchanganywa na mililita 400 za oili, nayo hainunuliwi kwa maneno. Kuna uzito pia: ile kubwa ina kama kilo 70, zote zimening'inia kwenye ubao wa nyuma.

Halafu fundi akatoa futi. Sehemu hii watu wengi huruka, na ndiyo inayoharibu. Pima kutoka ukingo wa juu wa ubao wa nyuma, mahali injini inapobanwa, hadi chini kabisa ya boti. Shafti fupi ni ya ubao wa inchi 15, shafti ndefu ni ya inchi 20. Injini ikishafungwa, lile bamba bapa lililo juu ya propela linatakiwa lilingane na chini ya boti, au lishuke kwa inchi moja hivi. Likikaa juu sana, propela inameza hewa: injini inalia kama ng'ombe, boti haisongi, na maji ya kupoza injini yanaweza kukosekana. Likikaa chini sana, boti inavutwa nyuma na propela inatafuta mawe.

Boti ya chama ilikuwa na inchi 20. Injini ilikuwa na shafti fupi. Muuzaji akasema si tatizo, ubao utakatwa ushuke. Mwenye boti akatikisa kichwa. Yeye ndiye hulala ziwani, anajua wimbi linalokuja kwa nyuma upepo ukigeuka. Ubao ukikatwa inchi tano, maji yanaingilia hapo hapo, injini inazimika, na wewe uko gizani na watu wanne na taa za omena.

Na huko “kuchongwa” je? Kwa kawaida ina maana kichwa cha injini kimekwanguliwa ili mgandamizo upande, tundu za mafuta kwenye kabureta zimepanuliwa, pengine na kifaa cha kudhibiti joto kimetolewa. Nguvu inaongezeka kweli. Lakini joto linaongezeka pia, na pistoni inaweza kutoboka. Mtu wa mashindano anafungua injini yake kila mara. Mvuvi anaiwasha kila usiku na anataka irudi nyumbani. Kuna mbinu moja ya kuongeza nguvu ambayo sina ugomvi nayo: baadhi ya injini za 9.9 ni sawa na za 15 kwa ndani, tofauti ni kabureta na njia ya hewa. Ila hapo ujue unanunua nini, usilipie stika.

Tena hapa kwetu hata 40 si 40. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa kiwandani. Dawa yake kwa kawaida ni kubadilisha propela, uchukue yenye mabawa yaliyolala zaidi, injini izunguke inavyotakiwa bila kuhangaika. Propela ni bei ndogo sana ukilinganisha na injini. Anza nayo kabla hujaanza kukwangua chuma.

Chama kilimshukuru muuzaji kikaondoka. Wiki tatu baadaye wakapata ya 15, shafti ndefu, kutoka kwa mvuvi aliyekuwa anaacha kazi. Namba iliyopigwa kwenye mabano ya injini ilisomwa mbele ya BMU, wakathibitisha haikuibwa ufuo mwingine. Fundi akapima mgandamizo wa silinda zote mbili, zikalingana. Ikafungwa kwa bolti zinazopenya ubao, si skrubu za kubana peke yake, ikawekewa mnyororo na ile kamba ya kuzima injini nahodha akianguka. Wakaizungusha majini nusu saa huku maji ya kupoza yakitoka vizuri.

Malipo yakaenda hivi: nusu baada ya majaribio, kwa namba yenye jina lililo kwenye kitambulisho cha muuzaji, na robo mbili baadaye, kila moja na ujumbe wake uliohifadhiwa na kutumwa kwenye grupu ya chama. Hawakufika kikomo, lakini wewe ukinunua kubwa kumbuka muamala mmoja unaishia shilingi 250,000 na kwa siku 500,000, kwa hiyo panga mapema usije ukashawishika kugawanya kwa laini za watu. Duka likiwa na namba ya till, tumia hiyo, jina la biashara linabaki kwenye rekodi.

Na tuseme wazi kuhusu kurudishiwa. Ukikosea namba, omba turudishe dakika hiyo hiyo. Lakini ukimtumia mtu kwa hiari yako, naye akaitoa kwa wakala ndani ya dakika tano, tutapokea malalamiko yako na kuyapeleka mbele, ila kwenye akaunti yake hakutakuwa na kitu cha kurudisha.

Mweka hazina anasema ile injini ya 40 bado inatangazwa. Bei imeshuka mara mbili, na sasa namba ya kutuma ni ya shangazi.