Chungu cha New Orleans

Huko kusini mwa Marekani, kando ya mto Mississippi, upo mji uitwao New Orleans, wenye sifa kubwa kwa vyakula vyake. Kilicho mashuhuri kabisa ni gumbo, yaani mchuzi mzito wa kamba, kaa au kuku, uliwao kwa wali. Jina hilo asili yake ni Afrika, na maana yake ni bamia. Lilivuka bahari pamoja na watumwa. Wafaransa walileta desturi ya kukaanga unga wa ngano katika mafuta, na kabila la Choctaw, wenyeji wa nchi, walitoa majani makavu yaliyosagwa ili mchuzi upate uzito.

Lakini kuchanganyika chunguni si kuchanganyika mezani. Kwa miaka mingi sheria iliwatenga weusi na weupe katika mahali pa kulia. Hata hivyo Bibi Leah Chase, mpishi mweusi wa mkahawa wa Dooky Chase's uliofunguliwa mwaka 1941, aliwakaribisha wote katika chumba cha juu, wakala gumbo na kufanya shauri la kudai haki. Mwaka 1964 utengano huo ulipigwa marufuku. Bibi huyo alifariki mwaka 2019, mwenye umri wa miaka 96.

Basi, asidharauliwe mpishi: mwiko wake nao waweza kutengeneza nchi.