Euglena Yupi, Maji Yapi?

Mwanafunzi wa sekondari hukutana na euglena katika ukurasa mmoja wa kitabu cha baiolojia: seli moja, mjeledi, doa jekundu, kijani tumboni. Huchora, huweka majina ya sehemu, hufanya mtihani, basi. Mchoro ni sahihi, ila humwachia imani kwamba euglena ni kiumbe wa aina moja anayekaa dimbwini. Kumbe ni kundi lenye mamia ya spishi, na kila spishi ina maji yake.

Tazama tone la maji ya kijani chini ya hadubini. Euglena hasogei kama chombo kigumu. Hujikunja, hunenepa katikati, kisha hunyooka tena, kwa sababu hana ukuta wa seli kama mmea; mwili wake umezungushiwa tepe za protini zinazoteleza ubavu kwa ubavu. Lile doa jekundu, kwa kweli, halioni. Kazi yake ni kukinga nuru upande mmoja, ili uvimbe mdogo ulio kwenye shina la mjeledi uhisi mwanga unatoka wapi. Kloroplasti zake nazo si za asili: babu wa kale wa euglena alimeza mwani wa kijani, akabaki nao. Ndugu zake wa mbali ni vimelea vya malale vinavyosambazwa na mbung'o.

Uwezo wa kufuata nuru ndio unaomfaa katika mabwawa ya kusafishia maji taka, ya aina ya yale ya Ruai, Nairobi. Maji huko ni mazito na mwanga haufiki mbali. Mwani usioogelea huzama gizani. Euglena hupanda hadi kina anachokitaka. Mchana mwani, euglena akiwamo, hutoa oksijeni, na bakteria huitumia kuvunjavunja uchafu. Miji yetu ina deni kwa viumbe hawa, na ni haki tuliseme.

Mwaka 1969 Mmarekani C. Mervin Palmer alikusanya ripoti za watafiti wengi kuhusu mwani unaostahimili uchafu wa viumbehai. Jenasi ya Euglena ikatoka ya kwanza. Tangu hapo wengi wakiona jina hilo huona kinyesi, na hapo ndipo tunapopotea. Euglena mutabilis huishi kwenye maji makali ya asidi yanayochuruzika migodini, yenye pH hata chini ya 3. Ndugu zake Trachelomonas hujijengea ganda linalogeuka kahawia kwa chuma na manganizi. Colacium hujishikiza kwenye miili ya viroboto maji na kusafiri nao. Kuna hata Peranema, asiye na kijani kabisa, anayewinda wenzake. Ripoti inayoandika tu kwamba "euglena wapo" haijamwambia mtu chochote kuhusu maji hayo.

Mfugaji wa samaki ndiye anayeumia zaidi kwa uzembe huo. Euglena sanguinea hupenda mabwawa yenye rutuba nyingi, yanayopokea samadi au masalio ya chakula. Jua likiwa kali uso wa maji huwa mwekundu kama damu; nuru ikipungua, rangi hiyo hukusanyika katikati ya seli na bwawa hurudi kijani. Anayepita asubuhi na anayepita saa saba watabishana bure. Baadhi ya jamii za spishi hii hutoa sumu iitwayo euglenofisini, ambayo imeua samaki wa kufugwa nchini Marekani. Lakini si kila maji mekundu yana sumu, na kwa macho matupu hakuna awezaye kuyatofautisha.

Kwa hiyo ombi langu kwa maofisa uvuvi na wapimaji wa maji ni moja: bwawa likibadilika rangi, nendeni na hadubini, na katika fomu andikeni spishi, siyo neno "mwani" peke yake.