Tengeneza Kizingiti Kabla ya Kubandika Vigae

Ndugu msomaji, kuta za matofali ya kuchoma huwa nene. Fremu ya dirisha ikiwekwa upande wa nje, kwa ndani hubaki nafasi pana kama rafu. Hicho ndicho kizingiti cha dirisha. Hapo tunaweka taa, redio na vitabu vya watoto.

Wakulima wengi sasa hununua vigae na kuvibandika hapo. Ni jambo zuri, kwa sababu kigae hufutika kwa urahisi. Lakini vigae vinanunuliwa kwa fedha ya mavuno. Vikibandikwa juu ya vumbi au chokaa, vitabanduka, na fedha yako itapotea. Kigae hushika sawasawa na kile kilichoko chini yake.

Kwanza, zuia maji

Tazama kizingiti baada ya mvua. Je, kimelowa? Kama kimelowa, usinunue vigae bado. Ziba nyufa zilizo kati ya fremu na ukuta. Hakikisha kizingiti cha nje kinateremka kuelekea nje. Vigae haviponyi ukuta unaovuja. Vinaficha ugonjwa tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, pima lipu ya zamani

Gonga kizingiti polepole kwa nyundo. Mahali panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na tofali. Ibomoe. Kisha kwangua chokaa na rangi yote kwa burashi ya waya. Fagia vizuri.

Sasa nyunyiza maji kidogo. Yakinywewa, pako tayari. Yakisimama kama matone juu ya jani la mgomba, bado kuna rangi au mafuta. Kwangua tena.

Tatu, pima urefu

Kigae pamoja na saruji ya kukishikia huchukua kama sentimita 2. Je, dirisha lako hufunguka kwa ndani? Basi acha nafasi ya sentimita 3 kati ya lipu na dirisha. Usipofanya hivyo, dirisha halitafunguka tena.

Nne, sawazisha

Lowesha matofali. Paka uji wa saruji. Kabla haujakauka, weka lipu mpya ya saruji ndoo 1 na mchanga safi ndoo 4. Unene wa sentimita 2 hadi 3 unatosha.

Tumia ubao ulionyooka na pima maji. Kutoka kushoto hadi kulia pawe sawa kabisa. Upande wa chumbani uwe chini kwa milimita 3 kuliko upande wa fremu, ili maji yasikae kwenye mbao. Maliza kwa ubao, usiing'arishe lipu kwa mwiko. Vigae havipendi mahali penye utelezi.

Funika kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7. Kisha acha pakauke.

Kama ukuta ni wa matofali mabichi

Saruji haishiki vizuri kwenye udongo. Chimba kizingiti kwa kina cha sentimita 5. Changanya saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2 na kokoto ndogo ndoo 4. Mimina nusu ya zege, tandaza wavu wa kuku, kisha mimina nusu ya pili. Zege hili litasimama lenyewe, wala halitategemea udongo. Nalo lifunike kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7.

Mwisho, panga vigae bila saruji

Anzia upande wa chumbani kwa vigae vizima. Vipande vilivyokatwa viwe upande wa fremu, ambako havionekani sana. Vikikaa vizuri, weka alama kwa penseli.

Basi, ndugu msomaji, kazi ya kubandika ni ya siku moja. Kazi ya kutengeneza ni ya zaidi ya juma. Usiione kuwa ndefu. Ndiyo inayolinda jasho lako.