Mabadiliko ya Tabianchi na Upatikanaji wa Maji Mhunze, Wilaya ya Kishapu

Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, upo katika ukanda wa nusu ukame wenye msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Mei. Mjadala wa tabianchi katika ukanda huu aghalabu huuliza iwapo mvua imepungua. Makala haya yanafafanua kuwa swali hilo pekee halitoshi: mgawanyo wa mvua ndani ya msimu na kasi ya uvukizi vina uzito uleule.

Sehemu kubwa ya Kishapu ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao Wasukuma huuita mbuga. Udongo huu hupasuka wakati wa kiangazi, kisha huvimba na kujifunga unapolowa. Mvua kubwa ya muda mfupi, kwa hiyo, hutiririka juu ya ardhi kuelekea Mto Manonga badala ya kupenya chini. Sifa hiyohiyo huwezesha malambo kutuama maji. Hata hivyo, lambo pana lenye kina kifupi hupoteza maji mengi kwa uvukizi, na mafuriko hulijaza tope. Joto linapoongezeka, lambo hukauka mapema hata katika mwaka wenye mvua ya wastani, na mifugo hulazimika kuhamishwa.

Visima virefu si mbadala kamili. Miamba ya matale huhifadhi maji katika nyufa tu, na baadhi ya visima vya mkoa huu vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani.

Bomba la maji ya Ziwa Viktoria, ambalo chanzo chake ni Ihelele wilayani Misungwi, limebadili hali ya maji ya majumbani mkoani Shinyanga. Hata hivyo, ziwa lenyewe hupata takribani asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Mwaka 2006 kina chake kilishuka sana, kutokana na ukame pamoja na kufunguliwa kwa maji kupita kiasi Jinja, Uganda; Mei 2020 kilipanda kupita rekodi ya 1964. Bomba, basi, halijauondoa utegemezi wa tabianchi, limeuhamishia mbali. Aidha, halikukusudiwa kumwagilia mashamba wala kunywesha makundi makubwa ya ng'ombe.

Hapo ndipo umuhimu wa ngitiri unapoonekana. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), iliyoanza 1986, ilifufua desturi hii ya kutenga malisho na miti. Uoto huo hupunguza kasi ya maji, hushikilia udongo na hivyo hurefusha maisha ya lambo lililo chini yake.

Kwa kuhitimisha, mipango ya maji Kishapu haina budi kuunganisha bomba, lambo na ngitiri. Kaya yenye bomba lakini isiyo na lambo hubaki na maji ya kunywa, ilhali mifugo inayoitegemea huendelea kukabiliwa na kiangazi.