Sumaku kali peke yake haifanyi besi nzuri

NYAMYUMBA, Rubavu – Kutoka hapa, penye kiwanda cha bia cha Bralirwa na bandari ya Rubavu, hadi mpaka wa Goma si mbali, na gitaa la besi lina wanunuzi pande zote mbili: kwaya za makanisa, bendi za baa, vijana wa rumba. Muuzaji anayetaka kupandisha bei ana neno lake tayari: "Hili lina sumaku kali." Neno hilo humtoa mnunuzi fedha, na mara nyingi bure.

Pikapu, hiyo ya gitaa na si gari, ni kile kipande kilichokaa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. Sumaku ikiwa kali, umeme huongezeka: sauti huwa kubwa, pigo la kwanza hugonga kwa ukali na sauti za juu hung'aa. Ikiwa dhaifu, besi hutoka laini, isiyochoma sikio. Lakini idadi ya mizunguko ya waya nayo ina neno lake. Mizunguko ikizidi, sauti hukua ila ule mng'ao hupungua. Kuisifu sumaku peke yake ni kusifu chumvi na kusahau mboga.

Ukali nao una gharama. Sumaku kali iliyo karibu mno huuvuta uzi, sauti ikafa mapema na noti zikayumba, hasa uzi mnene unapobanwa karibu na mwili wa gitaa. Mnunuzi hudhani gitaa ni bovu, kumbe dawa ni bisibisi: pikapu ishushwe hadi ibaki nafasi ya milimita 2 hadi 3, uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya mwisho.

Kuna sumaku za feriti, ambazo ni rahisi, na za alniko, yaani alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Alniko namba 5, ambayo ni kali, ina kobalti karibu asilimia 24. Namba 2, iliyo laini zaidi, ina takriban nusu ya hiyo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, ukanda wa Kolwezi na Likasi. Ni jambo la kuudhi kidogo kwamba madini ya jirani huenda mbali hivyo ndipo yarudi mpakani yakiwa ndani ya gitaa.

Alniko hudhoofika ikigusana na sumaku yenye nguvu kuliko yenyewe. Kwa hiyo anayesafirisha magitaa na spika kubwa katika mzigo mmoja asiyalaze juu ya spika hizo.

Kwenye ushuru, cheti rahisi cha asili cha Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya jumuiya. Gitaa lililotengenezwa China halipati nafuu hiyo hata likinunuliwa Kampala, na ushuru huo lazima uingie kwenye hesabu kabla ya kukubali bei ya "sumaku kali".

Kabla ya kulipa, besi ipigwe kwenye amplifaya, uzi mmoja mmoja. Uzi mmoja ukisikika hafifu kuliko mingine, pikapu ikaguliwe. Kisha nyuma ya gitaa patazamwe: pakiwa na kijumba cha betri ya volti 9, sehemu kubwa ya nguvu ile inatoka kwenye amplifaya ndogo ya ndani, si kwenye sumaku. Betri ikiisha, magitaa mengi ya namna hiyo hunyamaza kabisa.