Faru wa Tsavo na kazi ya afisa mawasiliano

Tarehe 26 Juni 2018, Waziri wa Utalii wa Kenya, Najib Balala, alizindua katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kazi ya kuwahamishia faru weusi Tsavo Mashariki. Mpango ulitaja faru 14 kutoka Nairobi na Ziwa Nakuru. Walihamishwa 11. Kumi wakafa kwa kufuatana. Wa mwisho akashambuliwa na simba, naye hakupona.

Maji yalichangia vifo hivyo: maji ya visima vya Tsavo yana chumvi. Faru aliyezoea maji baridi huyanywa na kiu haikatiki, bali huzidi. Hurudi kunywa tena, na kila akinywa chumvi inaongezeka mwilini. Si kwamba Kenya haikuwa na wajuzi. Kwa takwimu za wizara yenyewe, kati ya 2005 na 2017 faru 149 walihamishwa na wanane tu wakafa. Madaktari wa wanyamapori walikuwepo, na uzoefu ulikuwepo.

Kilichokosekana kilielezwa baada ya uchunguzi ulioongozwa na profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Akitangaza matokeo yake, waziri alitaja uzembe baada ya faru kufunguliwa, na akasema wahusika hawakupashana habari ipasavyo. Bodi ya shirika la wanyamapori, KWS, iliyokuwa imemaliza muda wake, nayo ilisema iliwahi kuukataa mpango huo kwa hofu kwamba malisho hayatoshi. Yaani onyo lilikwishatolewa. Halikufika, au lilifika likapuuzwa.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya namna tunavyoielewa kazi ya mawasiliano katika uhifadhi. Afisa mawasiliano huajiriwa aandike taarifa kwa wanahabari, apige picha za kupendeza na amridhishe mfadhili kwa ripoti ya robo mwaka. Hupimwa kwa idadi ya habari zilizochapishwa. (Picha ya faru ndani ya sanduku la kusafirishia haikosi kusambaa.) Meneja wa mradi naye hupimwa kwa tarehe na bajeti. Wote wawili wanatazama nje, kwa wakubwa na kwa walipaji, ilhali habari inayookoa maisha huwa inatoka ndani na chini: kwa askari aliyeona mnyama hali majani, au kwa fundi aliyepima maji ya kisima.

Sidai kwamba sherehe ya uzinduzi ndiyo iliyoua faru. Lakini tarehe ikishatangazwa mbele ya kamera, kuahirisha kunageuka aibu, na anayeijua hatari huanza kupima maneno. Kwa hiyo mpango wa mradi wa namna hii unahitaji kitu ambacho jedwali la kazi halina: mahali pa kusimama. Maji yapimwe, majibu yaandikwe, na atajwe kwa cheo mtu mwenye mamlaka ya kusema “leo hatuhamishi” bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Afisa mawasiliano amjue mtu huyo kabla hajamwalika mwandishi hata mmoja.

Januari 2024 faru 21 walihamishiwa hifadhi ya Loisaba, Laikipia. Jaribio la kwanza lilifanyika Nairobi mbele ya wanahabari, likaharibika: faru aliyedungwa sindano ya usingizi aliangukia kwenye kijito. Askari na madaktari walimshikilia kichwa juu ya maji kwa kamba, wakampa dawa ya kumzindua, wakamwachia aende zake. Kamera zilikuwa pale pale, na bado kazi ilisimamishwa. Ilipoanza tena, faru wote 21 walifika. Kwangu mimi, siku ile iliyoharibika ndiyo iliyokuwa kazi nzuri kuliko zote, ingawa haikutoa picha ya kumpelekea mfadhili.

Wewe kijana unayeomba nafasi ya mawasiliano katika shirika la uhifadhi, kwenye usaili waulize nani ana mamlaka ya kuusimamisha mradi, na utampataje usiku. Wakikosa jibu, fikiri vizuri kabla hujasaini mkataba.