Mcheza Kwao Hutunzwa: Ruzuku ya Serikali na Ufanisi wa Vyuo Vikuu

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia sarufi, fasihi na mbinu za kufundisha. Safari hii tunazungumzia fedha, kwani nazo huamua ni masomo gani yataendelea kufundishwa.

Kwa desturi, serikali nyingi zimekuwa zikivipa vyuo vikuu ruzuku kwa kuangalia idadi ya wanafunzi walioandikishwa au bajeti ya mwaka uliotangulia. Utaratibu wa kufungamanisha ruzuku na ufanisi huuliza jambo jingine: wangapi wamehitimu, na utafiti gani umetoka? Jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza mwaka 1979 kwa kuvipa vyuo nyongeza ndogo kulingana na matokeo yao. Sheria ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi, ikafanya matokeo kuwa msingi wa kugawa ruzuku yenyewe.

Barani Afrika, mfano ulio wazi ni Afrika Kusini. Mfumo wake uliotangazwa mwaka 2003 ulitenga fungu moja la ruzuku kwa ajili ya wahitimu na jingine kwa ajili ya utafiti. Katika fungu la utafiti, makala moja iliyotoka katika jarida lililoidhinishwa ilihesabiwa kuwa kizio 1, na shahada ya uzamivu vizio 3. Machapisho yaliongezeka sana. Hata hivyo, watafiti wa huko huko walibaini kuwa baadhi ya wahadhiri walichapisha katika majarida yasiyo na tathmini ya kweli, mradi idadi itimie.

Hapo ndipo penye funzo. Kinachohesabiwa hufanywa kwa bidii. Kisichohesabiwa huachwa, hata kama kina manufaa.

Tuitazame basi idara kama yetu, katika nchi ambayo Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa wengi. Wanafunzi wetu wengi hutoka idara nyingine, wakaja kujifunza Kiswahili cha mwanzo. Wakihitimu, huhesabiwa kwenye shahada zao za sheria, ualimu au biashara. Vilevile, makala tunazoandika kwa Kiswahili huenda zisihesabiwe iwapo majarida yetu hayamo katika orodha iliyoidhinishwa. Tunaweza kufanya kazi mwaka mzima, na kwenye hesabu tukaonekana hatukufanya lolote.

Hatupingi kupimwa. Fedha za umma ni jasho la wananchi, nao wana haki ya kujua zimefanya nini. Tunachoomba ni vigezo vinavyotambua pia kozi zinazohudumia idara nyingine, pamoja na machapisho ya Kiswahili yaliyopitiwa na wataalamu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini ili mtu atunzwe, lazima aonekane akicheza. Kwa hiyo tunawasihi wahadhiri wenzetu waweke kumbukumbu za kila darasa, kila mwanafunzi na kila makala. Siku tutakapoulizwa, tuwe na la kuonyesha.